Mbeleko na Kilio cha Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hana neno, lakini hakosi kusema. Njaa, baridi, usingizi na msokoto wa tumbo, yote huyataja kwa kilio, na ni juu ya mlezi kufasiri. Ufasiri huo una historia yake, na katika mwambao wa Bagamoyo historia hiyo yaweza kufuatwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mlingotini ni kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, karibu na Mbegani na magofu ya Kaole. Desturi za nchi hiyo ziliandikwa mapema kuliko za sehemu nyingi za bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Yeye ndiye msemaji mkubwa wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Humo uzazi na malezi vimepewa nafasi pamoja na harusi, safari na sheria.

Kwa desturi ya pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mkunga na jamaa wa kike humkanda kwa maji ya moto, humpikia, na humpokea mtoto kila mama achokapo. Kichanga akilia hupewa ziwa kwanza. Akilikataa, hutazamwa kama amelowa au ana joto. Kisha huongolewa kwa kupakatwa, kupapaswa mgongo na kuimbiwa kwa sauti ya chini. Arobaini ikiisha, mama hushika kazi zake, na mtoto aliaye hutiwa mbelekoni.

Thamani ya kazi hiyo ilihesabiwa waziwazi. Katika harusi za pwani mama wa bibi arusi alikuwa na haki zake mbali na mahari. Moja iliitwa mkaja, yaani nguo ya kufungia tumbo baada ya kuzaa. Ya pili iliitwa ubeleko, yaani nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Hivyo mwanamume aliyeoa alikumbushwa kwamba mkewe aliwahi kuwa kichanga, akalia, na mtu akambeba.

Wakati huo huo wataalamu wa ng'ambo walifundisha vingine. Emmett Holt wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1894, alihesabu kilio kuwa mazoezi ya mapafu. John Watson, mwaka 1928, aliwaonya wazazi wa Marekani wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao. Huenda mtu akadhani kwamba Waswahili nao waliafiki, kwa kuwa walisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Lakini methali hiyo yamhusu mtoto aliyekwisha kupata akili ya kudai, ambaye aonywa leo asije akaharibika kesho. Kichanga hana hila.

Elimu ya baadaye ilirejea njia ya mbeleko. Mary Ainsworth alichungua mama na watoto katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Kisha akaendelea Marekani, na mwaka 1972, pamoja na Silvia Bell, alieleza kwamba watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi baadaye. Mwaka 1986 Hunziker na Barr, huko Montreal, walionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi walipungukiwa na kilio kwa asilimia 43 walipofika wiki sita. Wachunguzi wengine hawakuupata upungufu huo, na kwa mtoto ambaye msokoto umekwisha kumshika, kubebwa hakukuonekana kuwa dawa.

Kilio cha kichanga, kama Brazelton alivyoeleza mwaka 1962, huzidi mpaka wiki ya sita, kisha hupungua. Arobaini haikuwekwa kwa ajili ya kilio. Ina sababu zake za dini na za afya ya mzazi. Hata hivyo siku zake ni zile zile ambazo kilio hupanda, na ndizo ambazo nyumba hujaa mikono ya kusaidia.

Si kila fasiri ya wazee ilikuwa njema. Degedege lilisemwa kuwa ni kazi ya shetani au ndege wa usiku, na mtoto akapelekwa kwa mganga. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulihusisha dalili hizo na malaria kali, na uganga ukawa sababu ya kuchelewa kufika hospitali. Mtoto mwenye homa aliyeacha kulia, akalegea na kukataa ziwa, hakutulia, yumo hatarini. Mlezi hodari ni yule aujuaye pia ukimya.

Tangu miaka ya 1990 wanawake wa Mlingotini wamelima mwani, kazi ifuatayo maji ya bamvua, na maji yakipwa hayangoji mtoto anyamaze. Mama aendaye shambani baharini hana budi kuacha kichanga kwa nyanya, dada au jirani. Nyumba ikikosa watu hao, kipato cha mwani hulipwa kwa kilio cha mtoto. Wazee walikwisha kusema, "Mkono mmoja haulei mwana." Mbeleko yaweza kununuliwa dukani siku yoyote, mikono ya kupokezana mtoto haiuzwi, na jamii isiyoihesabu tena thamani yake, kama ubeleko ulivyoihesabu, humwachia mama mmoja kazi iliyokuwa ya wengi.