Mbolea, Kutu na Moto: Jibu kwa Rafiki Yangu Mwalimu

Wadau, juzi rafiki yangu niliyemaliza naye chuo, ambaye sasa anafundisha kemia sekondari huko mkoani, alinitumia ujumbe: "Kaka, sayansi ni ya wenye hela. Sisi tunachora chupa ubaoni." Anafikiria kuacha kazi. Nilikosa jibu. Leo namjibu hapa, nanyi mnisikilize.

Naanzia kwenye redio ya mzee wangu. Nikiwa darasa la nne niliifungua kutafuta watu wanaosema ndani yake. Sikuwakuta. Nilikuta kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kikanidondoka, kikakatika vipande kama kigae. Viboko nilivyopata tuviache. Swali lilibaki: kilinasa kwenye sumaku kama chuma, sasa chuma gani kinavunjika kama chungu?

Kinaitwa feraiti. Ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu, iliyounganishwa na oksidi ya metali nyingine kama zinki, nikeli au manganizi. Uzuri wake ni kwamba ina tabia ya sumaku lakini haipitishi umeme kirahisi. Chuma cha kawaida kingepoteza nguvu ya mawimbi ya redio kwa kuigeuza joto. Feraiti inayakusanya.

Mwaka 1930, Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo walikuwa wakichunguza feraiti ya zinki, kitu kilichowasumbua wasafishaji wa zinki. Kero hiyo ndiyo iliyowafikisha kwenye sumaku za oksidi. Mwaka 1935 kampuni ya TDK ikaanzishwa ili kutengeneza feraiti kibiashara. Enzi za kaseti, jina hilo tulikuwa tunalisoma kila siku bila kujua limetokea wapi! Mwaka 1948 Mfaransa Louis Néel akaeleza kwa nini oksidi hizi zina usumaku, na mwaka 1970 akapata Tuzo ya Nobel.

Tatizo lilikuwa jiko. Unasaga oksidi mbili, unachanganya, unaoka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 kwa masaa mengi, kisha unasaga tena. Kwa nini? Kwa sababu ni kama kuchanganya mchele na choroko: hata ukoroge vipi, punje inabaki punje. Atomu lazima zisafiri kutoka punje moja kwenda nyingine, na safari hiyo inadai moto mkali.

Sasa fikiria chumvi na sukari ndani ya maji. Hapo hakuna punje tena. Wazo la kuanzia kwenye maji lilishakuwepo. Mwaka 1967 Mmarekani Maggio Pechini alipata hataza ya kutengeneza oksidi kwa kutumia asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu ukali wake.

Halafu ikaja Bangalore, India. Mwaka 1988, J.J. Kingsley na K.C. Patil wa Taasisi ya Sayansi ya India walitangaza jambo la ajabu. Waliyeyusha naitreti ya alumini pamoja na urea (ndiyo, urea hiyohiyo ya mahindini) wakaingiza kwenye tanuri la nyuzi 500. Mchanganyiko ukachemka, ukafura povu, ukashika moto. Ndani ya dakika chache wakapata oksidi ya alumini ambayo kwa kawaida ingedai joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Joto lililobaki lilitoka ndani ya mchanganyiko wenyewe: naitreti inatoa oksijeni, urea ni kuni. Miaka michache baadaye maabara hiyohiyo ilitumia mwako wa namna hiyo kupata feraiti.

Siku hizi wengi hutumia asidi ya sitriki. Naitreti za chuma na metali ya pili zinayeyushwa pamoja nayo, maji yanakaushwa taratibu mpaka unabaki ute mzito kama asali, kisha ute unawaka wenyewe. Gesi zinatoka kwa kasi na kuupasua mchanganyiko, na unabaki unga mwepesi wenye chembe za nanometa makumi tu. Unywele wako una unene wa nanometa 80,000 hivi! (Msijaribu jikoni: mwako huo unaweza kutoa gesi yenye sumu, na unaweza kulipuka.)

Kwa hiyo rafiki yangu amekosea? Nusu. Moto ni rahisi. Lakini kuzijua chembe hizo kunadai eksirei na hadubini ya elektroni, na vifaa hivyo ni ghali. Hata viwanda vingi bado vinaoka feraiti kwa njia ya zamani. Tena taasisi ile ya Bangalore haikuota usiku mmoja: ilianzishwa mwaka 1909, miaka 79 kabla ya povu lile. Aliyeipigania, mfanyabiashara Jamsetji Tata, alifariki mwaka 1904 bila kuiona.

Ndugu yangu mwalimu, chupa unayochora ubaoni ni sehemu ya miaka hiyo 79. Sisi tuko mwaka wa ngapi? Sijui. Ila ukiacha kazi, tunaanza kuhesabu upya.