Miaka Hamsini ya Kinu cha Mumias: Historia Fupi

Kinu cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kwa kuwa miaka hamsini imetimia, wenzangu tuliostaafu pamoja wameniomba niandike machache kabla hayajatutoka. Nimeandika haraka, tena nimeandika kama mtu wa upande wa wakulima. Fundi wa mitambo atakayeona nimempita aniwie radhi.

Kabla ya miwa, mji wetu ulikuwa na sifa nyingine. Hapa palikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ilitua hapa ikienda Buganda. Uislamu uliotia mizizi Mumias ulikuja na misafara hiyo. Waingereza nao walipafanya makao yao ya utawala hadi mwaka 1920, wakahamia Kakamega, na Mumias ikabaki na historia yake. Watu walilima mahindi, mtama na mihogo, na kijana aliyetaka pesa alipanda gari kwenda Nairobi au Mombasa.

Uhuru ulipokuja, nchi ilikuwa bado inaagiza sukari kutoka nje. Serikali ya Mzee Kenyatta ikaanza kujenga: Muhoroni mwaka 1966, Chemelil mwaka 1968. Zamu yetu ilianza mwaka 1967, serikali ilipoipa kampuni ya Uingereza, Booker McConnell, kazi ya kuchunguza kama miwa ingestawi huku kwetu. Booker walikuwa wameendesha mashamba ya miwa Guyana kwa vizazi. Wakapanda ya majaribio, wakapima mvua na udongo, wakaridhika.

Shida ilikuwa fedha. Kinu hununuliwa ng'ambo, kwa fedha za ng'ambo. Kampuni ilipoundwa mwaka 1971, serikali ilichukua asilimia 71 ya hisa. Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, lililo mali ya serikali ya Uingereza, lilikuwa na 17. Kenya Commercial Finance Company 5. Booker, waliokabidhiwa uendeshaji, 4. Na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki 3. Juu ya hisa hizo ikaja mikopo kutoka Uingereza.

Vijana wa leo wakisikia mkopo wa nje hukunja uso. Sisi tulioishi nao tunasema ulitufundisha adabu. Deni lilihesabiwa kwa fedha za kigeni, sukari iliuzwa kwa shilingi, na bei ya sukari ilipangwa na serikali. Shilingi ikishuka, deni linapanda bila mtu kuongeza hata senti moja. Kinu kikikosa miwa kikasimama, riba haisimami. Ndiyo sababu kampuni ilianza na shamba lake yenyewe, tulilokuwa tukiliita shamba mama, likapandwa mapema ili mitambo ikiwashwa miwa iwe imeshakomaa. Sehemu kubwa ya miwa ingetoka kwa wakulima wa kandokando.

Hapo ndipo tulipotoa jasho. Mkulima mmoja alikuwa na ekari mbili, mwingine tatu, na trekta haliwezi kugeuka katika vipande hivyo. Ikabidi majirani waunganishe mashamba yao liwe shamba moja kubwa, mipaka ing'olewe, mazao yalimwe pamoja, na kila mtu alipwe kwa kipimo cha ardhi yake. Mwambie Mwanga ang'oe ua uliopandwa na babu yake, uone. Husimuliwa habari za mzee mmoja aliyekubali kila kitu isipokuwa hilo. Mikutano ikaitishwa, chai ikanywewa, mpima ardhi akaonyesha ramani, wapi! Mwishowe akakubali kwa sharti moja: azike jiwe la kusagia la marehemu mama yake kwenye pembe ya shamba, chini kuliko jembe la trekta linavyofika. Likazikwa mbele ya mashahidi, na mzee akatia kidole gumba kwenye mkataba siku hiyo hiyo. Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa juu ya wazee watatu tofauti, kila mmoja na kijiji chake. Sioni sababu ya kukikana.

Mkulima naye alikopeshwa. Kampuni ililima, ikaleta mbegu na mbolea, ikavuna, ikasafirisha, kisha ikakata gharama zake kwenye malipo. Miwa ya kwanza ilihitaji miezi 18 hadi 24, machipukizi yakafuata. Hakuna aliyedaiwa hati ya shamba. Dhamana ilikuwa miwa yenyewe, maana mnunuzi alikuwa mmoja tu. Hivyo deni lililotiwa saini London lilishuka hadi kwa mama mwenye ekari mbili, na miwa yake ikapanda mizani kulilipa. Wataalamu walikuja kututazama na kuandika vitabu. Mwaka 1975 wakulima wakapata kampuni yao, MOCO, na kabla ya muongo kwisha kinu kilikuwa kimepanuliwa mara kadhaa. Nzoia, jirani yetu aliyejengwa na Wafaransa, ilielemewa na madeni tangu utotoni. Sisi tulikuwa tukitangaza faida.

Kuna jambo ambalo wengi wetu tulilijua baadaye sana. Booker hawa ndio walioanzisha tuzo ya riwaya ya Uingereza mwaka 1969. Mwaka 1972, kinu chetu kikiwa bado kinajengwa, mshindi John Berger alisimama akawasuta kwa utajiri walioupata kwenye mashamba ya Karibi, akatangaza kuwa nusu ya zawadi yake ya pauni 5,000 atawapa Black Panthers. Maneno yake hayakufika Mumias. Yangefika, nadhani tungejibu kwamba ya Guyana waulizwe watu wa Guyana. Hapa serikali yetu ndiyo iliyoshika asilimia 71, na ada za shule zilikuwa zikilipwa.

Miaka ya karibuni nitaitaja kwa ufupi. 2001: hisa zaingia Soko la Hisa la Nairobi. 2006: serikali yauza sehemu nyingine ya hisa zake. 2009: mtambo wa umeme wa makapi ya miwa, megawati 38, kwa mkopo ambao sehemu yake ilitoka Proparco ya Ufaransa. 2012: kiwanda cha ethanoli. Baadaye miwa ilipungua, wakulima wengine wakapeleka yao kwingine, na sukari ya nje ikajaa sokoni. Hesabu hazikuwa nzuri. Septemba 2019 benki ya KCB ilimweka mrasimu, na Desemba 2021 kinu kilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda. Kesi zilizofuata nawaachia mawakili.

Shukrani zetu ni kwa wakata miwa, madereva wa matrekta waliovuta matela usiku kwenye tope la Aprili, wapishi wa kantini, na makarani wa mizani, ambao walitukanwa na kila mtu na hata hivyo wakafungua dirisha asubuhi. Mwenye picha za siku ya kwanza ya kusaga azilete kwa katibu wa wastaafu. Tunazo chache sana.