Goti la pembe, nyonga ya chuma: Safari ya tiba ya viungo Pwani ya Kusini

Mwezi Mei mwaka 1890, jijini Berlin, mpasuaji Themistocles Gluck alimfungua goti msichana wa miaka 17 ambaye kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kifua kikuu. Aliondoa mfupa ulioharibika, akaweka mahali pake bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Hilo ndilo linalohesabiwa na wengi kuwa goti bandia la kwanza kupandikizwa ndani ya mwili wa binadamu.

Zama hizo pembe za Afrika Mashariki zilikuwa zikienda Ulaya kwa wingi kupitia Zanzibar, na Vanga, bandari ndogo iliyo mpakani mwa Kwale ya leo, ilikuwa mmoja wa milango ya misafara iliyotoka bara. Wapagazi waliteremka nazo mabegani, mwendo wa majuma mengi. Wao pia walikuwa na magoti, na yalipochakaa hakukuwa na mpasuaji aliyewangoja pwani.

Viungo vya Gluck havikudumu. Kifua kikuu kilikuwa bado mwilini, usaha ukarudi, na kadhaa vikalazimika kutolewa. Lakini wazo lilishazaliwa. Miaka zaidi ya 130 baadaye, kubadilisha nyonga au goti ni miongoni mwa upasuaji wenye mafanikio makubwa kuliko wote duniani. Jambo la kusikitisha ni kwamba tiba hii imeendelezwa zaidi upande wa mwisho. Huduma ya mwanzo, ile ya gharama ndogo inayoweza kumwepusha mtu na kisu, ndiyo iliyoachwa nyuma. Kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, pengo hilo linaonekana wazi.

Moto, mafuta na chuku

Kabla ya zahanati kufika vijijini, maumivu ya viungo yalitibiwa nyumbani. Tiba iliyoandamana na vitabu vya Kiarabu ilifundisha kwamba mwili unatawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu, na kwamba ugonjwa ni kimoja kuwazidi wenzake. Kiungo kilichokakamaa kilihesabiwa kuwa kimeingiwa na baridi na ukavu, na ndipo maradhi hayo yakaitwa baridi yabisi. Basi dawa ikawa joto: kukandwa kwa maji moto, kuchuliwa kwa mafuta, kunywa tangawizi na karafuu. Wengine walipigwa chuku, na hadi leo hijama ina wateja wengi Ukunda kama ilivyo Mombasa.

Wadigo nao walikuwa na hazina yao katika misitu ya kaya. Kaya Kinondo, karibu na Diani, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Wazee wake wangali wanaijua miti ya dawa iliyomo, kila mmoja kwa jina na kazi yake.

Tiba hizi hazistahili kudharauliwa. Joto hulegeza misuli na kupunguza maumivu, na mkono unaochua humpa mgonjwa nafasi ya kusogeza kiungo alichokuwa akikiogopa. Mipaka yake nayo tuiseme wazi. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane, ikishasagika hairudi kwa mafuta wala kwa dawa yoyote iliyopo sasa. Na wembe usio safi, uwe wa chale au wa chuku, unaweza kuingiza vijidudu mwilini.

Maradhi yenye mizizi hapa kwetu

Watu wengi hudhani ugonjwa wa viungo ni wa wazee tu. Pwani ina sababu zake za kuikanusha dhana hiyo.

Mwaka 1949, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akipima damu. Alikuta kwamba vinasaba vya selimundu vimeenea sana pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yaliyomletea sifa duniani: anayerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimebaki penye mbu wengi. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Nyonga ni mojawapo ya viungo vinavyoumizwa na ugonjwa huo. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha fupanyonga kama mchi ndani ya kinu, na hulishwa na mishipa myembamba ya damu. Chembe za damu zilizopinda huiziba mishipa hiyo, mfupa unakosa damu, unakufa, kisha unabonyea. Kijana wa miaka 20 anaanza kuchechemea na kulalamika maumivu ya kinena. Akiambiwa ni uchovu au misuli, miaka hupita hadi nyonga imekwisha.

Sababu ya pili huletwa na mbu. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na Marion Robinson na W.H.R. Lumsden wakaueleza kitaalamu mwaka 1955. Mwaka 2004 ulilipuka Lamu, ukashuka Mombasa, kisha ukavuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2017 ulirudi tena Mombasa. Utafiti uliofanywa Msambweni umeonyesha kwamba virusi vya chikungunya, pamoja na ndugu yao o'nyong-nyong, vimekuwa vikiwapitia wakazi hata pasipo mlipuko kutangazwa. Homa huisha kwa siku chache, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu ya magoti na vifundo vya miguu hubaki miezi mingi, pengine miaka.

Ya tatu ni kazi. Kuinama shambani, kukata miwa kule Ramisi, kubeba mizigo, kuteka maji mbali. Katika miaka ya 1980 Kwale ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotumika kuijaribu na kuiboresha pampu ya mkono iliyokuja kuitwa Afridev, ambayo leo inapatikana katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Lengo lilikuwa maji safi. Hata hivyo, kila kisima kilichochimbwa karibu na nyumba kiliwapunguzia kina mama mwendo wakiwa na ndoo kichwani. Kuyalinda magoti kunaanza katika mambo kama hayo, kabla daktari hajaitwa.

Kioo, plastiki na saruji ya meno

Huku nyuma, wapasuaji wa Ulaya na Marekani waliendelea kutafuta. Mwaka 1923 huko Boston, Marius Smith-Petersen alifunika kichwa cha mfupa wa paja kwa kikombe cha kioo, lakini vikombe hivyo vilivunjika. Mwaka 1938, jijini London, Philip Wiles alibadilisha nyonga nzima kwa chuma cha pua.

Ushindi wenyewe ulikuja katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. John Charnley alianza na plastiki ya Teflon, ikasagika ndani ya miili ya wagonjwa na kuleta madhara, naye akalazimika kuwafungua upya. Kisha fundi wake, Harry Craven, akapata kipande cha polietilini, plastiki iliyokuwa ikitumika katika mashine za kufuma nguo. Charnley aliidharau. Craven aliipima hivyo hivyo bosi wake aliposafiri, na plastiki ile ikakataa kuisha. Novemba 1962 Charnley aliipandikiza kwa mara ya kwanza, ikiwa pamoja na kichwa kidogo cha chuma na saruji ya akriliki iliyotokana na kazi za madaktari wa meno. Goti lilifuata, miundo ya miaka ya 1970 ndiyo iliyozaa magoti bandia ya leo.

Charnley alifundisha jambo jingine lenye uzito kwetu. Kwa kusafisha hewa ya chumba cha upasuaji, alishusha maambukizi kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya asilimia 1. Kidudu kikishashika chuma ndani ya mwili ni vigumu mno kukiondoa. Ndiyo maana upasuaji huu haufanywi katika kila hospitali yenye kisu na ganzi.

Kuvuka Likoni

Kwa mtu wa Kwale, matunda ya Wrightington yalikuwa ng'ambo ya maji kwa namna mbili. Feri ya Likoni ilianza kazi mwaka 1937, na kwa miongo mingi mgonjwa wa nyonga aliyeihitaji hospitali kubwa alishuka mteremko wa gati kwa mkongojo, akasimama katikati ya umati, akapanda mteremko wa pili. Sasa barabara ya Dongo Kundu imefungua njia nyingine.

Huduma za mifupa zilizotangulia hapa zilikuwa za polio, kuvunjika na ulemavu wa watoto. Chama cha kuhudumia wenye ulemavu, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na karakana za Bombolulu, Mombasa, mwaka 1969, zikiwapa kazi watu wenye ulemavu. Upasuaji wa kubadilisha viungo uliota mizizi Nairobi na katika hospitali za misheni kama Kikuyu na Kijabe. Kwa jirani zetu Watanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Malawi ilianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, na daftari hilo lilionyesha jambo ambalo Pwani inalielewa vyema: nyonga nyingi zilizobadilishwa zilikuwa zimekufa kwa kukosa damu, si kwa uzee.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, afya ni jukumu la kaunti, na Msambweni ndiyo hospitali ya rufaa ya Kwale. Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima iliyokuwepo tangu 1966. Mgonjwa anayepangiwa upasuaji aulize mapema bima italipa nini, na kiungo chenyewe kitanunuliwa na nani.

Kazi iliyo karibu

Kiungo bandia si cha milele, ingawa hudumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nyonga 58 kati ya 100, na magoti 82 kati ya 100, hufikisha miaka 25. Kwa mzee wa miaka 65 hiyo ni faraja kubwa. Kwa kijana mwenye selimundu maana yake ni upasuaji mwingine, pengine zaidi ya mmoja. Kila mwaka ambao kiungo chake mwenyewe kinaendelea kutumika ni faida.

Na miaka hiyo hupatikana. Kila kilo moja ya uzito inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu, na hayahitaji mashine, kiti kinatosha. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa mguu mzima. Goti lililovimba ghafla likiambatana na homa lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Vidonge vya steroidi kama prednisoloni vikimezwa muda mrefu bila usimamizi vinaweza kuua mfupa wa nyonga uleule uliokuwa ukiuma.

Ibada nayo isiwe sababu ya mtu kuficha maumivu. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na viti vimo misikitini. Anayebadilishwa kiungo amuulize daktari mapema kuhusu kusujudu na kuhusu choo cha kuchuchumaa, kwa sababu nyonga mpya inaweza kuchomoka ikikunjwa kupita kiasi.

Yote haya yanaweza kufanyika Kinango, Lunga Lunga na Msambweni bila kungoja chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa: mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayewafikia watu vijijini, mtoto anayepimwa selimundu mapema, mhudumu anayejua kwamba kijana anayechechemea anahitaji eksirei ya nyonga. Kaunti ipange bajeti kuanzia hapo. Kiungo cha chuma kibaki haki ya kila anayekihitaji, na awe amekifikia baada ya kupewa kwanza yale yaliyotangulia.