Suhuba ya Marika katika Madungu ya Chake Chake

Mwenye kuisoma tarehe ya Pemba hukuta humo habari za masultani, za karafuu na za majahazi, lakini ni nadra kukuta habari ya mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili, alicheza na nani, na alipokuwa mtu mzima alikaa baraza gani. Ilhali mtoto huyo alikuwapo katika kila zama, Madungu na kwingineko, maana hapana mji usiomzaa. Nimekusudia kuieleza hali yake kwa upande mmoja tu, upande wa suhuba baina yake na marika wenzake, kwa kuwa aghalabu hapo ndipo mtu anapojifunza murua ambao babaye na mamaye hawawezi kumfunza peke yao.

Tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na neema ya zao lile, na tangu hapo maisha ya kisiwa yakafuata misimu ya vuno. Madungu ni mtaa wa Chake Chake, na Chake Chake ni mji ulioingiliana na mashamba, hata mtu wa mjini naye alizijua kazi za karafuu kama azijuavyo mtu wa shamba. Karafuu mbichi zikiletwa nyumbani jioni humwagwa juu ya jamvi, na watu wakazizunguka, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, wakachambua: kila mmoja hushika kishada, akakikandamiza kwa kiganja cha mkono wa pili mpaka karafuu zikakatika, zenyewe zikabaki upande huu na makonyo yakatupwa upande ule. Kazi hii haitaki herufi wala hesabu. Yataka mkono uliozoea, na mkono huzoea kwa kurudia. Kijana aliyeshindwa na ubao wa chuo cha Kurani aliweza kuikalia mpaka usiku wa manane, na katika kuikalia alisikia hadithi na masimulizi, akajua zamu yake ya kusema inapofika, akajua kuwa anayezungumza hakatizwi, na kuwa si kila jambo huchekwa. Mchana wake huenda alikuwa pamoja na watoto wa rika lake wakiokota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka, chini ya mikarafuu, kila mmoja na kikapu chake, na hapo alifunzwa na wenziwe, pasipo mwalimu yeyote, kwamba kilichomo katika kikapu cha mwenzio si chako.

Lakini insafu yatutaka tusiipambe Pemba ya kale kwa sifa isiyokuwa nayo. Kijana yule aliitwa kazi zilipokuwa nyingi, wala hakuitwa shauri lilipofika; harusini alichota maji na kubeba vyombo, akapewa sahani yake ya wali mapema, kisha watoto wakamzunguka wakimzomea, na watu wazima wakaona ni mchezo. Wasichana hali yao ilikuwa nzito zaidi, kwani wengi walifichwa uani kwa kuchelea aibu na madhara, na aila ikazunguka kwa waganga kutafuta shetani wa kupungwa, hali mtoto mwenyewe alikuwa akitafuta mtu wa kucheza naye tu. Hata fikihi, ambayo humwondolea taklifu mtu asiye na akili timamu na kumwekea walii wa kumtunzia mali yake, ilipokewa na baadhi ya watu nusu nusu: walimsamehe sala na saumu, kisha wakamsamehe na chuo, na karamu, na kikao, mpaka wakawa wamemsamehe dunia nzima pasipo yeye kuomba msamaha huo.

Mnamo tarehe 23 Septemba 1964 serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bure Zanzibar, na milango ya skuli ikafunguka kwa watoto wa wakulima na wavuvi. Lakini mwenye ulemavu wa akili aghalabu alibaki nyumbani akiwatazama nduguze wakienda. Hata Bara, ambako wasioona walipata skuli Buigiri mwaka 1950 na viziwi wakapata yao Tabora mwaka 1963, madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili hayakuanza mpaka mwaka 1982. Zanzibar, waliolisukuma jambo hili ni wazazi wenyewe: mwaka 1999 iliundwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ijulikanayo kwa herufi ZAPDD, na mwaka 2004, kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu na jumuiya ya wenzao wa Norwei, likaanza jaribio la elimu mjumuisho, mtoto huyu akaketi dawati moja na jirani yake. Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya Zanzibar ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2009 Tanzania ikauridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo. Mzazi aliyekubali kusimama mbele ya watu wa mtaa wake na kusema, "Huyu ni mwanangu, naye atasoma," alifanya kazi ambayo sheria isingeweza kuifanya.

Hata hivyo kuketi dawati moja si usuhuba. Watoto wengi hujifunza adabu za kukaa na watu kwa kuangalia tu. Mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huhitaji kuonyeshwa kipande kwa kipande, na mwenye kumwonyesha vyema zaidi ni rika lake. Tuchukue jambo dogo la kubisha hodi. Mwenzake husimama ndani ya mlango, yeye akasimama nje. Hupiga hodi ya kwanza, akangoja. Hupiga ya pili, akangoja. Ya tatu isipojibiwa hugeuka akaenda zake, wala hachungulii dirishani. Kisha hubadilishana mahali, aliyekuwa nje akawa mwenyeji wa kuitikia karibu. Kubadilishana huku ndiko kiini cha mafunzo, kwa sababu mtu ambaye siku zote ni mgeni wa hisani ya wengine hawezi kujua heshima ya kukaribisha. Ndivyo anavyofunzwa pia kukataa, kutunza siri, na kumpambanua sahibu na yule anayemtaka kwa ajili ya kumtuma dukani.

Jambo hili si la Pemba peke yake. Mwaka 1970, katika mji wa Malmö, Uswidi, vijana wenye ulemavu wa akili walikusanyika wakatoa madai yao wenyewe, na miongoni mwake walisema hawataki kutembezwa mjini kwa makundi makubwa, bali wanapenda kuwa wachache wachache na wale wawapendao. Mwaka 2019 Abu Dhabi iliandaa Michezo ya Dunia ya Special Olympics, na katika baadhi ya michezo timu moja ilichanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Naona vijana wa Madungu wanaoingia kiwanja cha Gombani wanaweza kuanza hivyo hivyo, bila ya kungoja fedha ya mtu, maana mpira mmoja watosha.

Mabaraza ya kuchambulia karafuu siku hizi hayakusanyi vijana kama zamani; wao hukutana maskani, viwanjani na katika simu, na huko hakuna kazi ya mikono inayomvuta asiyealikwa. Kwa hiyo mwaliko sasa hauna budi kutolewa kwa makusudi. Nawaomba vijana wa Madungu, na walimu wao, na kila mwenye kuandaa harusi au maulidi katika mtaa ule: mwendeeni kijana huyo nyumbani kwao, pigeni hodi, mumwalike yeye mwenyewe kwa jina lake, wala msimpelekee salamu kwa mamaye, na akifika, mpeni mahali pa kukaa kabla ya kumpa ndoo ya maji.