Mzinga kwa Mzinga: Bunduki ya Mjerumani na Nyuki wa Liti

Ukienda kuangalia mpira Singida mjini, utakaa kwenye Uwanja wa Liti, ule ambao wengi tuliuzoea kwa jina la Namfua. Muulize jirani yako Liti ni nani, atakwambia: mwanamama wa Kinyaturu aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki. Hapo ndipo msomi hucheka. Nyuki? Mbele ya bunduki?

Mimi nilishaacha kucheka, na kilichoniachisha ni bunduki yenyewe.

Hebu tuikague. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani hapa kwetu, walibeba Mauser ya mwaka 1871. Kwa uimara, ilikuwa chuma kweli: risasi nene ya milimita 11, na vipande vichache ndani, hivyo vichache vya kuharibika. Ukiiweka kando ya gobore, la kushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu, ambalo baruti ikilowa linageuka rungu, utaona Mauser iko mbali sana.

Lakini kuipima bunduki si kutazama chuma tu. Ile ya 1871 haikuwa na magazini. Risasi moja, mlio mmoja. Ukishafyatua unavuta bolti nyuma, na ganda tupu haliruki lenyewe: lazima uinamishe bunduki pembeni lidondoke. Kisha unatia risasi nyingine kwa vidole, unasukuma bolti, unalenga upya. Tena ilitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomziba macho mpigaji na kumwonyesha adui alipo.

Kwa maneno mengine, ni silaha ya kutegemewa mradi mwenye nayo ana mikono miwili huru, macho yanayoona na utulivu. Sasa mtilie huyo askari nyuki kwenye kope na shingoni. Nyuki hana haja ya kuishinda Mauser, anamshinda aliyeishika.

Bado unaona ni hadithi ya jioni? Twende Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000 tu. Katikati ya mapigano nyuki wakatibuliwa, wakauma pande zote mbili, na baadhi ya Waingereza wakaamini eti Mjerumani ndiye aliyewatega. Waliposhindwa na kurudi melini waliacha nyuma bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000. Mjerumani alizichukua haraka akazipa kampuni zake tatu silaha za kisasa, kwa sababu wakati huo askari wake wengi walikuwa bado na ile ile ya 1871 yenye moshi. Hukumu juu ya bunduki hiyo ilitolewa na mwenye bunduki mwenyewe.

Nyuki wa Tanga wakaingia vitabuni, na pigano lile likaitwa Vita vya Nyuki. Hakuna aliyecheka. Nyuki wa Liti, wa miaka michache tu nyuma, mwanzoni mwa karne ya 20, walibaki midomoni mwa wazee. Mdudu ni yule yule, na kwa askari wengi bunduki ilikuwa ile ile. Tofauti ni nani alikuwa na kalamu.

Sisemi kila kipande cha simulizi ya Liti kimethibitika. Simulizi yenyewe haijipambi: inakiri kwamba Wajerumani walimuua. Nyuki hushinda asubuhi moja, ila risasi huletwa tena na tena kwa meli. Hilo nalo ni sehemu ya kuipima bunduki.

Kiswahili kilishaliona jambo hili zamani: mzinga ni wa nyuki, na mzinga ni wa vita. Singida, mkoa wa asali, hauhitaji kufafanuliwa zaidi.