Kiwanja cha Shule

Huku Marangu, kila msimu wa UMISSETA unapokaribia husikika lalamiko lile lile, kwamba shule za binafsi zinabebwa. Zina mabweni, zina basi lao, zina mwalimu ambaye kazi yake ni michezo tu, na baadhi yake huwafuata vijana wenye vipaji hadi mikoa ya mbali na kuwasomesha bure ili wavae jezi ya shule. Sekondari ya kata itashindana nazo vipi? Yenyewe hupokea watoto wa kata yake, wanaofika asubuhi kwa miguu na kurudi jioni kukata majani ya ng'ombe. Lalamiko hili lina ukweli. Lakini sisi tuliosoma mlimani hapa katika miaka ya 1980 tunalijua vizuri, maana wakati huo lilitoka katika vinywa vyetu, na tuliowalalamikia walikuwa shule za serikali.

Yafaa tuanzie kwenye ardhi. Marangu ni nchi ya miteremko, mifereji na vihamba. Kihamba hurithiwa, hugawanywa, kisha hugawanywa tena, na migomba na kahawa imesogea hadi ukingoni mwa njia. Kiwanja cha mpira cha kipimo kamili ni mita 105 kwa 68, na kupata tambarare ya namna hiyo pasipo kugusa kahawa ya mtu si jambo dogo. Viwanja vizuri vilipatikana mapema, wakati ardhi ilikuwa bado ipo na wamisionari waliweza kupewa maeneo na akina Mangi. Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Penye misheni pakawa na shule, na penye shule palisawazishwa mahali pa kuchezea. Sekondari ya Ashira, hapa hapa Marangu, chimbuko lake ni Walutheri. Umbwe na Weruweru chimbuko lake ni Wakatoliki. Kwa lugha ya leo tungesema zote zilikuwa shule za binafsi.

Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za mashirika ya dini zikachukuliwa na Serikali, isipokuwa seminari. Madarasa, mabweni na viwanja vikaenda pamoja. Shabaha ilikuwa njema: mtoto wa Kiislamu asizuiwe na dini yake, na mtoto wa Lindi au Kigoma apate nafasi kama mtoto wa Moshi. Shule hizo zikaanza kupokea wanafunzi waliochaguliwa toka kila pembe ya nchi.

Nafasi za kidato cha kwanza nazo ziligawanywa kimkoa, na Kilimanjaro, iliyokuwa na shule za msingi nyingi tangu zamani, ikawa na watoto wengi waliofanya vizuri wakakosa pa kwenda. Wazazi hawakukaa kimya. Walichanga fedha za kahawa, wakatoa mbao na siku za kazi, na kwa kupitia makanisa, Jumuiya ya Wazazi na kamati za vijiji wakajenga sekondari zao. Hakuna mkoa uliojenga shule za binafsi kwa wingi kama huu wetu katika miaka ile. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, shule zisizo za serikali zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi katika nchi nzima.

Nilisoma katika mojawapo. Watu walituita waliokosa nafasi. Shule ilisimama juu ya kipande cha ardhi kilichotosha madarasa, choo na bendera; mazoezi ya mpira tuliyafanya barabarani, tukisimama kila gari lilipopita. Wasichana wetu walikuwa na afadhali, kwa kuwa kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu, na kipande hicho kilipatikana nyuma ya jiko. Ndiyo maana, naamini, kombe pekee katika kabati la mkuu wa shule lilikuwa la netiboli. Sisi wavulana tulipokutana na shule ya serikali tulikuwa vijana kumi na mmoja wa tarafa moja dhidi ya Tanzania nzima: beki toka Mara, kiungo toka Tabora, mshambuliaji toka Tanga, wote wakilala bweni moja na kufanya mazoezi kila jioni. Tulifungwa, tukarudi tukinung'unika kwamba wenzetu wanachaguliwa.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1990. Jijini Dar es Salaam, shule ya Makongo, mali ya Jeshi la Wananchi, chini ya mkuu wake Idd Kipingu, ilionyesha kwamba shule inaweza kutafuta wachezaji kama wengine wanavyotafuta Daraja la Kwanza. Kipa Juma Kaseja alipita hapo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, naye baadaye akaanzisha shule zake. Wenye fedha huku kwetu waliteremka kununua ardhi tambarare uwandani, ambako kiwanja hakigombani na kahawa. Neno mamluki likazoeleka shuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya shule kwa miaka kadhaa. Yaliporudi yalikuta nchi imejaa sekondari za kata, zilizojengwa kwa haraka kuanzia mwaka 2004 chini ya mpango wa MMES. Huku mlimani nyingi zilibanwa penye nafasi yoyote, kama ilivyobanwa shule yetu. Tena ni za kutwa.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba tatizo ni jina la mwenye shule. Anayekusanya watoto toka mbali na kuwalaza karibu na kiwanja ndiye anayeshinda, awe Serikali, askofu au mfanyabiashara. Nchi nyingine zimehangaika na jambo hili. Katika jimbo la Illinois, Marekani, tangu mwaka 2005 idadi ya wanafunzi wa shule za binafsi ilizidishwa kwa 1.65, ili zipangwe na shule kubwa zaidi. Uganda waliacha shule zipambane zenyewe, na St. Mary's Kitende, shule ya binafsi, ikatwaa ubingwa wa Afrika Mashariki mara kadhaa.

Sisi tuna kombaini. Baada ya ngazi za chini, wachezaji huchanganywa katika timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na mtoto wa kata hupasiana mpira na mtoto anayelipiwa mamilioni, wote wakivaa jezi yenye neno Kilimanjaro. Naupenda utaratibu huo kuliko hesabu za Illinois. Ila mchaguzi humwona kijana aliyefika kwenye mchujo tu. Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na wakuu wa shule hawana tena ruhusa ya kudai michango ovyo ovyo, jambo ambalo mzazi maskini amelishukuru. Nauli ya kuiteremsha timu kutoka Marangu hadi Himo au Moshi, hata hivyo, bado hulipwa, na mara nyingi mwalimu wa michezo ndiye anayezunguka kwa wenye maduka Marangu Mtoni kuitafuta.