Aneurizimu ya ubongo: Kwa nini inaweza kurudi hata baada ya kutibiwa?

Februari 2011, mwigizaji wa Game of Thrones, Emilia Clarke, alikuwa mazoezini jijini London alipohisi kichwa kinabanwa kwa maumivu makali. Alikuwa na miaka 24 tu. Hospitalini ikaonekana kwamba damu inavuja kwenye ubongo: mshipa ulikuwa umepasuka.

Madaktari hawakufungua fuvu. Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena, wakaupandisha hadi kichwani na kuziba palipopasuka. Akapona, akarudi kazini.

Lakini aliambiwa kuna kifuko kingine kidogo upande wa pili wa ubongo, na kwamba lazima kiangaliwe mara kwa mara. Mwaka 2013, kipimo alichofanyiwa New York kilionyesha kifuko hicho kimekua maradufu. Jaribio la kukiziba bila kufungua fuvu likashindikana, damu ikavuja, na safari hii fuvu likafunguliwa. Clarke alisimulia yote hayo hadharani mwaka 2019.

Kwa Clarke, kilichokua ni kifuko kingine, si kile kilichotibiwa. Ila wataalamu wanajua kwamba hata kile kilichozibwa kinaweza kufunguka tena. Na katika hali zote mbili, kinachosaidia kukiwahi ni kimoja: kurudi kupima.

Aneurizimu ni nini?

Ni sehemu ya mshipa wa damu iliyodhoofika na kuvimba kama puto dogo. Inakadiriwa kuwa watu wazima takriban 3 kati ya 100 wanayo kichwani. Wengi wao hawajui, na nyingi hazipasuki maisha yote.

Ikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo. Hii ni aina ya kiharusi, na inaweza kuua au kumwacha mtu na ulemavu wa kudumu.

Inatibiwaje bila kufungua fuvu?

Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono na kuingiza mrija mwembamba unaoitwa katheta. Akiongozwa na picha za eksirei, anaupitisha ndani ya mishipa hadi kwenye kile kifuko.

Kisha anakijaza kwa nyaya laini za platinamu zinazojiviringa, ziitwazo koili. Damu iliyo kati ya nyaya hizo huganda, na damu mpya haiingii tena kwa nguvu.

Koili za aina hii zilibuniwa na daktari Mwitaliano Guido Guglielmi akiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990.

Kabla ya hapo, tiba kuu ilikuwa kufungua fuvu na kubana shingo ya kifuko kwa klipu ya chuma. Njia hiyo bado inatumika.

Mwaka 2002, utafiti mkubwa unaojulikana kama ISAT ulitoa matokeo ya kulinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 2,143 ambao aneurizimu zao zilikuwa zimepasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa koili, na asilimia 30.6 kwa waliofanyiwa upasuaji wa klipu.

Koili zikaonekana salama zaidi kwa wagonjwa wa aina hiyo. Lakini zilikuwa na udhaifu wake.

Kwa nini kifuko kinafunguka tena?

Watu wengi hudhani kifuko kikishawekwa koili kinakuwa kimejaa chuma tupu. Kumbe sivyo. Hata kazi ikifanyika vizuri, nyaya zenyewe huchukua takriban robo hadi theluthi ya nafasi. Sehemu kubwa inayobaki ni damu iliyoganda.

Moyo nao haupumziki. Kila pigo linasukuma damu kwenye mlango wa kifuko, usiku na mchana. Taratibu, mambo haya yanaweza kutokea:

• Koili kushindiliwa ndani na kuacha nafasi mlangoni, damu ikaanza kuingia tena.

• Koili kuzama kwenye damu iliyoganda, hasa kwenye vifuko vikubwa.

• Kifuko chenyewe kuendelea kukua, kwa sababu ukuta wa mshipa bado ni dhaifu.

• Sehemu ndogo kubaki wazi tangu siku ya tiba, halafu ikapanuka.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Hatari huongezeka kama kifuko ni kikubwa, hasa kinachozidi milimita 10, au kama shingo yake ni pana. Vifuko vilivyokwisha kupasuka, na vile ambavyo havikuzibwa kikamilifu mwanzoni, navyo hurudi zaidi.

Mahali kilipo kifuko pia ni muhimu. Kilicho nyuma ya ubongo, pale mshipa mkuu unapogawanyika mara mbili, hupigwa na damu moja kwa moja, kwa hiyo koili zake husukumwa zaidi.

Ni wangapi hurudiwa?

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009, ukihusisha zaidi ya aneurizimu 8,000 zilizowekwa koili, ulionyesha takriban 1 kati ya 5 zilifunguka tena kwa kiasi fulani. Zilizohitaji kutibiwa upya zilikuwa takriban 1 kati ya 10.

Usiogope mapema. Kufunguka si sawa na kupasuka.

Wagonjwa wa ISAT waliendelea kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 9. Katika kundi la koili, lenye watu zaidi ya 1,000, waliovuja damu tena kutoka kwenye kifuko kilekile baada ya mwaka wa kwanza walikuwa 10. Kwenye kundi la klipu walikuwa 3.

Yaani hatari ipo, ila ni ndogo, na sababu mojawapo ni kwamba vifuko vilivyoanza kufunguka vinaweza kuonekana kwenye vipimo na kuzibwa kabla havijapasuka.

Tatizo: hausikii kitu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kifuko kinapofunguka taratibu, mara nyingi hakiumi. Hakuna homa, hakuna kizunguzungu, hakuna dalili yoyote. Mtu anajiona mzima, anaona nauli na gharama ya kipimo, anaamua kuahirisha. Miezi inakuwa miaka.

Kinachoweza kuonyesha ukweli ni picha tu. Hospitali nyingi hupanga kipimo cha kwanza takriban miezi 6 baada ya tiba, kisha vingine katika miaka inayofuata. Ratiba hutofautiana kulingana na ukubwa wa kifuko na jinsi kilivyozibika.

Kipimo kinaweza kuwa MRI ya mishipa ya damu, au picha za eksirei zinazopigwa kwa kuingiza katheta tena. Koili za platinamu kwa kawaida hazizuii MRI, lakini mwambie mhudumu kabla hujaingia kwenye mashine. CT scan husumbuliwa na mng'ao wa chuma, hivyo si rahisi kuona ndani ya kifuko.

Ikionekana imerudi, kinafanyika nini?

Si kila mara mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji. Kama ni upenyo mdogo shingoni ambao haubadiliki, daktari anaweza kuamua kuuangalia tu.

Ukiwa unakua, kuna njia kadhaa: kuongeza koili, kuweka stenti ya kuzishikilia, au kufungua fuvu na kuweka klipu.

Ipo pia stenti yenye matundu madogo sana inayoelekeza damu ipite mshipani badala ya kuingia kwenye kifuko. Mojawapo, iitwayo Pipeline, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Kwenye utafiti wake wa vifuko vikubwa, takriban asilimia 95 ya vilivyopimwa baada ya miaka 5 vilikuwa vimeziba kabisa.

Mwenye stenti hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida aspirini na clopidogrel. Usiziache bila ruhusa ya daktari, hata kama unajisikia fiti. Stenti inaweza kuziba ghafla na kuleta kiharusi.

Mambo ya kufanya ukishatibiwa

• Omba nakala ya picha zako na karatasi inayotaja vifaa ulivyowekewa. Ni muhimu zaidi kama ulitibiwa nje, mfano India, na ufuatiliaji utafanyika nyumbani. Daktari mpya hawezi kujua kama kifuko kimebadilika bila picha ya zamani ya kulinganisha.

• Andika tarehe ya kipimo kwenye simu, na mtu mwingine wa familia aijue.

• Dhibiti presha. Dawa za presha humezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi.

• Acha sigara. Inadhoofisha kuta za mishipa.

• Kama ndugu wawili au zaidi wa damu wamewahi kuwa na aneurizimu, muulize daktari kama na wengine wapimwe.

Dalili za kukimbilia hospitali

Nenda haraka ukipata maumivu ya kichwa ya ghafla na makali kuliko yote uliyowahi kupata, shingo kukakamaa, kutapika, degedege, kope moja kuanguka, kuona vitu viwiliviwili au kupoteza fahamu. Ukifika, sema mara moja kwamba uliwahi kutibiwa aneurizimu.

Nje ya dalili hizo, unaweza kufanya kazi na kuishi kama kawaida. Ila tarehe ya kipimo ikifika, nenda, hata kama huumwi popote.